Mstari Uliobaki

Watu waliokuwa wakisafishwa damu kwenye kile chumba cha chini cha hospitali walimjua Dakta muda mrefu kabla hawajamtia machoni. Kaka yake ndiye aliyewajulisha. Kaka mtu alikuwa mwalimu wa udereva, na kwa jinsi alivyozoea kupiga kelele "Breki! Breki!" akiwa ameketi ubavuni mwa wanafunzi wake, hata mkewe alishasahau kumwita kwa jina lingine ila Breki. Figo zake zilikuwa zimechoka. Siku za zamu yake alilazwa kwenye kiti kirefu, mkono umenyooshwa, damu inatoka kwa mrija huu na kurudi kwa ule, na kwa kuwa mwili wote ulikuwa umefungwa pale, mdomo ndio uliobaki kutembea.

"Mnaniona hapa nimejilaza kama gunia," aliwaambia wenzake. "Dada yangu saa hizi yuko maabara anamfukuza mwizi anayetuibia figo. Ameshamwona kwa macho. Kilichobaki ni pingu tu."

Hakuwa akidanganya. Aliyasema yaleyale aliyoambiwa na Dakta mwenyewe, ila aliyaongezea chumvi kidogo, maana Breki hakuweza kusimulia hata foleni ya barabarani bila kuitia chumvi. Dakta alikuwa mtafiti wa figo. Alimweleza kaka yake kwamba ndani ya seli kuna protini inayopokea habari kutoka nje na kuzipeleka ndani mpaka kwenye kiini, ili seli ijue la kufanya. Jina lake la kitaalamu lilikuwa herufi na tarakimu zisizotamkika, kwa hiyo maabara nzima iliiita Mjumbe. Kwenye figo yenye afya, Mjumbe hufikisha habari yake akatulia. Kwenye figo inayokufa, Dakta alikuwa amegundua, Mjumbe hatulii. Anahubiri neno moja kutwa kucha: tengenezeni kovu, tengenezeni kovu, mpaka figo yote inakuwa kovu tupu.

"Na wewe unamwonaje mtu mdogo kiasi hicho?" Breki alimuuliza siku alipoelezwa hayo.

"Kwa kingamwili. Unajua mwili ukiingiliwa na kijidudu unatengeneza kinga ya kukigandamia kijidudu hichohicho, si kingine? Basi kampuni zinamdunga sungura kipande cha protini, damu ya sungura inatengeneza kinga ya kuigandamia protini hiyo. Wanaichuja, wanaitia kwenye kichupa, wanatuuzia. Mimi nikiimwaga juu ya protini za figo, inamtafuta Mjumbe, inamganda. Tunaitia dawa ya kuifanya ing'ae, tunapiga picha. Kwenye picha nuru hiyo hutokea nyeusi: alipo Mjumbe panatokea mstari mweusi. Asipokuwepo, pako peupe."

"Kwa hiyo akizimwa huyo Mjumbe..."

"Kovu linasimama."

Breki hakuhitaji kuambiwa zaidi.

Sasa, hapo katikati kulitokea jambo ambalo baadaye Dakta alitamani angeweza kulifuta. Mdogo wao wa mwisho, seremala, ambaye mpaka leo wanamwita Kitinda ingawa ana watoto wakubwa, alikuja na mkewe nyumbani kwa Breki, siku ambayo Dakta naye alikuwa pale. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, jambo lililowashtua wote. Akakaa, akajikuna kidevu, akasema anataka kumpa kaka yake figo moja. Walishazungumza na mkewe usiku na mchana, na mke amekubali.

Breki alicheka mpaka akakohoa. "Mdogo wangu, baki na figo yako. Ukikatwa ubavu utabebea nini mbao? Dada yetu anatengeneza dawa. Au siyo, Dakta?"

Kitinda alimgeukia dada yake. Mkewe naye alimgeukia. Dakta alijua kwamba kutoka kwenye mstari mweusi wa maabara mpaka kwenye kidonge ni safari ndefu, na kwamba wengi hufia njiani. Alikuwa na maneno hayo mdomoni. Lakini kaka yake alikuwa akimtazama kwa macho yale ya mtu anayejionea fahari kwa nduguye, na wiki hiyohiyo jarida kubwa lilikuwa limetoa makala yake, na kichwa kilikuwa kimemvimba kidogo.

"Tuko karibu," akasema.

Kitinda alinyanyuka akaaga. Mlangoni alivaa viatu vyake polepole sana, kama mtu aliyeleta zawadi ikaachwa mezani bila kufunguliwa.

Kisha likaja jaribio, kwa sababu ya wageni. Kulikuwa na kundi la watengenezaji dawa waliotaka kushirikiana na maabara ya Dakta kutafuta kemikali ya kumzima Mjumbe. Walifurahia kila kitu, wakaomba jambo moja tu: Dakta achukue seli, aikate jeni inayomtengeneza Mjumbe ili seli hizo zisiwe naye kabisa, kisha azipime kwa kingamwili yake. Pakionekana peupe, basi, wanatia saini. Dakta aliona ni adabu tu za watu wa biashara. Kazi hiyo akampa mwanafunzi wake wa uzamivu, binti mmoja makini ambaye kwa jinsi alivyopima kila tone kana kwamba ni la mwisho duniani walimpachika jina la Taratibu.

Siku ya kupiga picha, Dakta aliwaita watu wote waje waone. Mkurugenzi wa kituo naye alipita, kikombe cha chai mkononi. Walijazana kwenye chumba kile chembamba, kati ya friji zinazonguruma na meza iliyojaa vichupa. Taratibu aliulaza utando mweupe uliobeba protini za seli hizo ndani ya mashine ya picha kwa kibano, kama anayelaza kitoto kichanga, akafunga mlango. Kwenye skrini pakaanza kuja ukungu. Kisha upande wa kushoto, wa seli za kawaida, ukatokea mstari mweusi mnene. Watu wakaguna kwa furaha.

Kisha na upande wa kulia, wa seli zisizo na Mjumbe, ukatokea mstari. Mweusi uleule, mnene uleule, mahali palepale.

Mkurugenzi alikiangalia kikombe chake.

"Umechanganya," Dakta alisema.

"Sijachanganya, Dakta," Taratibu alijibu kwa sauti ndogo. "Nimelirudia jaribio mara mbili kabla ya leo. Nilidhani ni mimi. Jeni imekatwa kweli, nimeisoma. Mjumbe hayumo."

"Kama hayumo, huo mstari ni wa nani? Wa bibi yako?" Mtu mmoja nyuma alicheka, na kicheko kile kikampandisha Dakta mori. "Umejaza seli za kawaida kote kuwili, halafu unasimama hapa kunitolea macho. Watu wazima wameacha kazi zao kuja kutazama uzembe. Mimi sitaki wababaishaji kwenye maabara yangu."

Taratibu alivua glavu moja, kisha ya pili, akazitupa kwenye pipa lake, akapita katikati ya watu waliompisha kwa kujibana ukutani. Alikuwa hajalia. Alianza kulia alipofika kwenye ngazi, na kwa kuwa ngazi zile zina mwangwi, wote walimsikia.

Dakta alilirudia jaribio kwa mikono yake mwenyewe. Alikuwa hajashika pipeti ya kupimia matone muda mrefu, vidole vilikuwa vizito, lakini hakutaka msaada. Aliotesha seli upya, akaisoma jeni ya Mjumbe, akaona kweli imekatwa. Akazipasua, akapanga protini kwa uzito wake, akazihamishia kwenye utando, akamwaga kingamwili kutoka kwenye kichupa kilekile chenye karatasi ya kampuni iliyoandikwa jina la Mjumbe kwa herufi nzuri. Akafungua kichupa kingine kipya, isije ikawa kile cha kwanza kimezeeka. Akapiga picha.

Mstari ulibaki.

Alikaa kwenye stuli akiutazama. Kingamwili ile ilikuwa ikiganda kwenye kitu, hilo halina ubishi. Lakini kitu hicho hakikuwa Mjumbe. Ilikuwa protini nyingine yenye uzito kama wake, iliyojaa kwenye figo zinazokufa kwa sababu zake yenyewe, labda kubwa, labda za kipuuzi. Makala yote, picha zote, hotuba zote alizopigiwa makofi, zilisimama juu ya kichupa alichokinunua na kukiamini kwa sababu kila mtu alikitumia na kwa sababu kilimpa mstari aliokuwa akiutafuta. Jaribio hili la kukata jeni lingeweza kufanyika zamani. Halikuwa gumu. Hakulifanya, basi.

Jambo la kwanza lililomjia, kabla hata ya makala, lilikuwa shati la Kitinda lililopigwa pasi.

Kumwomba radhi Taratibu kulimshinda kwa siku kadhaa. Alijaribu kwanza njia ya mkato: alimwita ofisini, akafunga mlango, akamwambia amerudia jaribio na matokeo yake yalikuwa sahihi.

"Nashukuru kwa kuniambia, Dakta," binti alisema. Akasimama pale. Akaongeza, bila kunyanyua macho, "Ila ulinisema mbele za watu."

Hapo ndipo Dakta alipoelewa kwamba njia ya mkato haipo. Kesho yake, kwenye kikao cha maabara, alisimama. Alisema kwamba Taratibu alifanya kazi yake vizuri kuliko yeye alivyofanya ya kwake, kwamba alimwita mbabaishaji na mbabaishaji alikuwa mwingine, na kwamba anamwomba msamaha. Sauti ilimkatika katikati akajifanya anakohoa. Watu walitazama meza. Taratibu alisema "Yameisha, Dakta," kwa heshima zote, na kila aliyekuwepo alijua kwamba hayajaisha. Muhula uliofuata aliomba kuhamia kwa msimamizi mwingine. Dakta alitia saini bila kuuliza.

Mkurugenzi yeye hakugomba. Alimsikiliza, akasugua miwani yake kwa ncha ya tai, akasema, "Andikia jarida waiondoe makala. Andika leo, usingoje wakutangulie." Wale wageni wa dawa waliagwa kwa simu. Walikuwa wapole, wakasema mambo haya hutokea, na upole wao ulimuuma kuliko matusi.

Haya yote Dakta aliyafanya. Lililomshinda lilikuwa moja. Kila Jumapili alikula chakula cha mchana nyumbani kwa Breki, na Jumapili ile ya kwanza alikwenda akiwa amejiapiza kusema. Mke wa Breki alipakua wali. Breki, ambaye alikatazwa chumvi na kupimiwa maji kama dawa, alikuwa akitania kwamba sasa anakunywa maji kwa kijiko kama kinda la ndege. Alikuwa amekonda shingo. Kisha akamgeukia.

"Enhe, Dakta. Mwizi wetu amefikia wapi?"

Dakta alikuwa na tonge mdomoni. Alilitafuna muda mrefu.

"Inaendelea," akasema.

"Mmesikia?" Breki aliwaambia wanawe. "Inaendelea! Nikiwaambia wale wenzangu kesho watafurahi. Yule Mama Cherehani hasa. Alikuwa amwite nduguye aje apimwe ampe figo, nikamwambia tulia mama, usimtoboe mtoto wa watu tumbo bure, mambo yako jikoni."

Dakta aliweka kijiko chini. Alisema tumbo linamsokota, akaondoka mapema. Njiani alijitukana kwa sauti mpaka mpita njia akamgeukia.

Wiki zilikatika. Makala iliondolewa, na jambo hilo likatangazwa kwenye ukurasa wa jarida ambao watu kama Breki hawausomi. Dakta aligundua kwamba anaweza kunyamaza na hakuna atakayejua, na kugundua huko kulimtia haya kuliko yote yaliyotangulia. Alianza kukwepa Jumapili. Mara ana kikao, mara ana mafua. Siku moja mke wa Breki alimpigia simu: mumewe ametoka kusafishwa damu, amechoka mno, gari la mafunzo liko hospitali na hakuna wa kuliendesha, tafadhali wifi.

Alikwenda. Alimkuta kwenye benchi la nje, kofia mapajani, plasta kubwa mkononi. Gari lile lilikuwa na kibao cha mwanafunzi juu ya paa na pedali ya pili ya breki upande wa mwalimu. Breki alijisogeza kwenye kiti chake cha kila siku, akafunga mkanda.

"Twende. Na kioo cha kati uangalie, siyo kukipamba tu."

Walipita soko, walipita kituo cha mafuta. Dakta alishika usukani kwa mikono miwili kama mwanafunzi wa siku ya kwanza.

"Kaka, kuna jambo nataka kukuambia."

"Sema. Gia ya tatu hiyo, unaionea injini."

"Ile kingamwili haimkamati Mjumbe."

"Inamkamata nani?"

"Sijui. Protini nyingine. Tulichukua seli tukamtoa Mjumbe kabisa, na mstari bado unatokea."

Breki alifikiri. "Kwa hiyo mwizi si yule."

"Sijui kama ni yule au si yule. Sijawahi kumwona, kaka. Miaka yote hiyo nilikuwa namwangalia mtu mwingine. Hakuna dawa. Haikuwepo, na wala haikuwa karibu."

Gari lilisimama kwa kishindo, kichwa cha Dakta kikakaribia kugonga usukani. Pikipiki iliyokuwa nyuma ililia honi, ikawapita na dereva wake akiwa amenyoosha mkono kuwatukana. Mguu wa Breki ulikuwa juu ya pedali yake. Alikuwa akitazama mbele.

Dakta alitamani kumwomba apige kelele.

"Umejua lini?"

"Muda sasa."

"Kabla ya ile Jumapili niliyokuuliza?"

"Kabla yake."

"Ukala chakula changu, mbele ya wanangu, ukaniambia inaendelea."

"Ndiyo."

"Sogeza gari pembeni, tumeziba njia."

Alisogeza. Breki alivua kofia akaifuta jasho kwa ndani. "Sikiliza, dada. Kukosea kazi ni kukosea kazi. Mimi mwenyewe nimeshawahi kumpitisha mtu aliyekuja kuingia na gari kwenye duka la dawa. Hilo la kichupa sikulaumu, sina elimu ya kukulaumu. Lakini umeniacha niende pale kwenye viti kila siku ya zamu, nifungue mdomo wangu huu. Nimewaambia watu wagonjwa wangoje. Unaelewa? Si mimi peke yangu niliyengoja." Akaigeuza kofia mikononi. "Na mdogo wetu nilimcheka. Alikuja na figo yake, nikamcheka, na wewe ulikuwa umekaa palepale."

Dakta alikuwa akilia, machozi yanadondokea mikononi, mikono bado iko kwenye usukani.

"Nitafanya chochote unachotaka."

"Nataka uje uwaambie. Mimi siwezi. Nikiwaambia mimi watadhani ni porojo zangu nyingine. Uje siku ya zamu, usimame, uwaambie wewe."

Alikwenda. Asubuhi ile alibadilisha nguo mara tatu, kisha akaona aibu ya kubadilisha nguo. Chumba kilikuwa na baridi na harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Viti vilipangwa pande mbili, kila kimoja na mashine yake inayozungusha damu kama cherehani isiyopumzika, na watu wamejifunika mablanketi mpaka kifuani. Breki alikuwa katikati, macho darini. Muuguzi alizima televisheni.

"Hamjambo," Dakta alisema. "Mimi ni dada yake Breki."

"Aaa, ndiye huyu!" Nyuso zilichangamka. Mzee mmoja wa kando ya dirisha alijaribu kupiga makofi kwa mkono wake mmoja ulio huru, akalipiga paja. Dakta alitamani sakafu ipasuke immeze. Akaanza kuzungumza, na kwa woga akajikuta anazungumza kama yuko kwenye mkutano wa wataalamu: kingamwili, umahususi, uthibitisho wa matokeo.

"Binti," yule mzee alimkatiza taratibu, "hayo ni ya kwenu huko. Tuambie kwa maneno ya watu."

Dakta alivuta pumzi. "Kaka yangu aliwaambia nimeona kinachoharibu figo na kwamba dawa iko karibu. Alisema hivyo kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia. Haikuwa kweli. Sikudanganya kwa kusudi, nilikosea. Kifaa nilichokitumia kilikuwa kinanionyesha kitu kingine, na sikukipima kwanza nione kama kinasema kweli. Baadaye nilipojua, nilinyamaza. Huko kunyamaza hakukuwa kukosea, huko nilikusudia. Hakuna dawa. Kama kuna mtu hapa ameacha kutafuta figo kwa sababu ya maneno yetu, namsihi asingoje tena. Atafute leo."

Mashine ziliendelea kuzunguka. Mzee wa dirishani alivuta blanketi lake. Mtu mmoja alicheka kidogo, kicheko kikavu, akageukia ukuta.

Kwenye kiti cha karibu na mlango kulikuwa na mwanamke mnene kiasi, miguu imevimba, amevaa gauni alilolishona mwenyewe lenye maua makubwa. Dakta alimtambua bila kuambiwa.

"Kwa hiyo mimi," Mama Cherehani alisema polepole, "nilimwambia dada yangu asije. Alikuwa ameshafunga mizigo. Nikamwambia asije."

"Ndiyo, mama."

"Bure."

"Bure, mama. Nisamehe."

"Toka mbele yangu," Mama Cherehani alisema, sauti haikupanda hata kidogo. "Nimefungwa mirija, siwezi kusimama, na sitaki kusema maneno mabaya nikiwa nimelala. Toka."

Dakta alimtazama kaka yake. Breki alikuwa amefumba macho, na chozi limemtoka pembeni, linaelekea sikioni, na hakuwa na mkono wa kulifutia. Dakta alipiga hatua kwenda kulifuta. Muuguzi alimtangulia.

Kwa Kitinda walikwenda wote wawili. Karakana ilikuwa imejaa vumbi la mbao na harufu ya gundi. Breki, aliyezoea kuzungumza mpaka watu wakaomba maji, alisimama mbele ya mdogo wake akakosa pa kuanzia. Akasema tu, "Nilikucheka. Nimekuja kuomba kilekile nilichokuchekea."

Kitinda alizima msumeno. "Mbona hukusema mapema? Nimeshapunguza hata sigara," akasema, na akaanza kutafuta viatu.

Mkewe ndiye aliyekataa kuwarahisishia. Aliwaletea viti, akawaletea chai, kisha akamwambia Dakta mbele ya wote, "Wifi, mume wangu alitoka kwenu siku ile kama mtu aliyefukuzwa. Alikaa wiki nzima hasemi. Wewe ulikuwa unajua dawa si jambo la kesho, maana umesoma. Neno moja lako lingetosha."

"Ni kweli," Dakta alisema.

"Ni kweli," mke wa Kitinda alirudia. "Chai hiyo inapoa."

Vipimo vilifanyika. Figo ya Kitinda ilimfaa kaka yake, na siku ya upasuaji Dakta alikaa kwenye korido na wifi zake wawili, wao wakizungumza wao kwa wao, yeye akisikiliza. Ndugu wote walitoka salama. Figo mpya iliitika: Breki alikojoa kabla ya saa sita mchana na akatangaza habari hiyo kwa wodi nzima. Baada ya miezi kadhaa alirudi kufundisha udereva, ingawa alipoulizwa habari za dada yake sasa alijibu kwa ufupi: mzima, anafanya kazi. Zamani angezungumza mpaka jua lizame. Dakta hakulalamika. Maabarani alikwenda kila siku, akaanza kutafuta ile protini isiyo na jina iliyokuwa ikijificha nyuma ya mstari wake, na kila kichupa kilichoingia kilipimwa kwanza kwa seli zisizo na protini ambayo kilinunuliwa kuikamata. Wanafunzi wapya walidhani ni ukali wake tu.

Dada yake Mama Cherehani alikuja hatimaye, akapimwa, akakutwa naye sukari imeanza kumpanda. Wakasema hafai kutoa. Kama angekuja mwanzo ingekuwaje, hakuna daktari aliyethubutu kusema, na Dakta alijiuliza swali hilo mara nyingi kuliko alivyotaka.

Hospitali na maabara vilitumia lango moja. Kwa muda mrefu Dakta alipitia mlango wa nyuma, wa wapeleka taka, ili asikutane na Mama Cherehani. Siku moja mlango ule ulifungwa kwa matengenezo, na wakakutana kwenye ngazi za mbele: Mama Cherehani anashuka kutoka kusafishwa damu, begi kubwa begani, amesimama katikati ya ngazi akihema.

Dakta aliinamisha kichwa. "Shikamoo, mama."

Mama Cherehani alimtazama kuanzia viatuni. Marahaba haikuja haraka.

"Marahaba," akasema mwishowe. "Sijakusamehe."

"Najua, mama."

"Usidhani kwa kuwa nimeitikia."

"Sidhani, mama."

Mama Cherehani alizitazama ngazi zilizobaki. Alishusha begi begani akamsukumia. "Basi usisimame hapo kama nguzo. Shika hili, na unipe mkono. Polepole, miguu hii haina haraka."

Walishuka. Begi lilikuwa zito, limejaa vitambaa vya wateja, na Dakta alilibeba mpaka walipofika chini.